Kanda Zetu Ziko Wapi?

Msikilizaji, hapa Ekerenyo wapo wanaomkumbuka vizuri mwalimu Brown wa kipindi cha vichekesho cha Mind Your Language. Walimtazama kupitia KBC, kituo cha taifa cha Kenya, runinga ikiendeshwa kwa betri ya gari, sebule ya jirani imejaa hadi mlangoni. Kipindi hicho kilianza 1977, kazi ya London Weekend Television, kituo cha eneo la London tu. Jina la kituo liliondoka hewani 2002, lakini vichekesho vyake bado vipo kwa kuwa kanda zilitunzwa.

Kanda nyingine hazikutunzwa. BBC ilifuta kanda nyingi miaka ya 1960 na 1970, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vya tamthilia yake ya Doctor Who vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. Afrika ndiyo iliyowawekea Waingereza mali yao!

Na yetu je? Kabla ya Egesa FM, redio ya Ekegusii, lugha yetu ilisikika kwenye redio ya taifa kwa saa chache tu: habari, salamu, matangazo ya vifo, na muziki wa obokano, ala yetu ya nyuzi. Kwangu mimi, kanda za vipindi hivyo zitafutwe kwanza. KBC izihamishie kwenye kompyuta, na wapigaji wa obokano warudi hewani wajukuu wao wangali wanaweza kuzitambua sauti zao.