MAZUNGUMZO: KIMA PUNJU NA MINAZI YA WAKULIMA



Kima punju ni mnyama wa asili ya Unguja. Makao yake makuu ni msitu wa Jozani, ambao mwaka 2004 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi. Msitu ukikatwa, huingia mashambani. Wakulima humlaumu kwa kula vidaka vya minazi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa jirani na Jozani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa mavuno ya nazi hayakupungua, kwani mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi. Hivyo, wakulima wanaombwa wasimdhuru, wakata kuni wauhifadhi msitu, na madereva wapunguze mwendo wapitapo Jozani.