Uwanja wa Ngoma ni wa Wote



Usukumani vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19. Huchezwa kwa wakati mmoja, bega kwa bega, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Hakuna hakimu wa kuhongwa! Huko Bujora mashindano hayo yameunganishwa na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, nayo huitwa Bulabo.

Basi, parokia zetu zina Wasukuma, Wahaya, Wakurya na Wajita. Mbona siku ya somo wa parokia hupigwa ngoma za kabila moja tu, na wengine wakaketi kama wageni? Kamati ya sherehe iwape nao uwanja, kwa muda uleule.