Mussolini Mbele ya Kamera

Miongoni mwa tamthilia zilizozusha mjadala huko Italia mwanzoni mwa 2025 ni ile ya sehemu 8, iliyotokana na riwaya ya Antonio Scurati, ambamo Luca Marinelli, akiigiza nafsi ya Benito Mussolini, huigeukia kamera mara kwa mara na kumsemeza mtazamaji kwa ucheshi kana kwamba ni sahibu yake wa siri. Wako wanaohofu kuwa ucheshi huo humpamba dhalimu. Mimi naona mtazamaji akishacheka naye ndipo atambuapo jinsi kughilibiwa kulivyo kwepesi.

Lakini taarikhi ina jambo zito zaidi. Mnamo Oktoba 1922, wafuasi wa Mussolini walipokuwa wakiielekea Roma huku wamelowa mvua, yeye alikuwa Milan akingoja habari, na laiti mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu asingalikataa kutia sahihi amri ya hali ya hatari, yamkini jeshi lingaliwatawanya. Badala yake Mussolini akaitwa kuunda serikali, akapanda behewa la kulala, akawasili kama mgeni mwalikwa. Mtungaji atakayethubutu kazi hii tena na ampe mfalme huyo, na Waziri Mkuu Facta aliyempelekea amri ile, nafasi kubwa kuliko hotuba za roshanini.