Baruti ya Zamani: Kuwaka Siyo Kufaa

Hotuba ya Afisa Wanyamapori wa Wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi huniuliza pembeni, mkutano ukishakwisha, tena kwa sauti ya chini. Marehemu mzee ameacha kopo la baruti, au mkebe wa risasi zilizoshika kutu. Shambani ngedere na nguruwe pori wanamaliza mahindi. Je, baruti ile bado inafaa kujazia maganda au gobore? Swali hili lina uzito wake, na anayeliuliza hastahili kukemewa kabla ya kujibiwa. Nitaanza na baruti yenyewe, kisha nitakuja kwenye sheria.

Neno letu hili moja, baruti, limebeba vitu viwili visivyofanana. Kipo kile cha kale, baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ile ambayo wazee waliiita kiberiti upele. Wachina waliijua tangu karne ya 9, na ndiyo iliyolisha magobore ya babu zetu. Kipo pia cha kisasa, baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa mwaka 1884 na Mfaransa Paul Vieille. Hii hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi, na ndiyo iliyomo ndani ya risasi za leo. Tofauti yake ilionekana hapa nchini kwetu. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zenye kutumia baruti nyeusi. Kila walipofyatua, wingu la moshi mweupe lilipanda na kumwonyesha adui mahali walipojificha.

Nimeleta habari hii ya moshi kwa sababu baruti hizi mbili hutofautiana pia katika kuzeeka, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Shura haiozi, makaa hayaozi, salfa haiozi. Mwezi Februari 2008, katika jimbo la Virginia huko Marekani, mtu mmoja aliyezoea kukusanya makombora ya vita vyao vya 1861 hadi 1865 aliuawa na kombora lililolipuka wakati akilisafisha. Baruti iliyokuwa ndani yake ilikuwa imepita miaka 140. Kwa hiyo anayesema kwamba baruti ya babu imekufa kwa uzee anajidanganya.

Adui wa baruti hii ni unyevu. Shura huyeyuka katika maji. Kopo likipata unyevu wa masika, shura hujitenga na makaa, na punje hugandamana kuwa mabonge yenye utando mweupe. Watu huyaanika mabonge hayo juani, kisha huyasaga. Ndugu zangu, kuanika hakurudishi mchanganyiko uliokwisha kuachana. Na kusaga ni kuuita msiba kwa mikono miwili, kwa maana cheche moja ya chuma kwa chuma au jiwe kwa jiwe yatosha. Hata ukisalimika, umeharibu ukubwa wa punje, na ukubwa huo ndio unaotawala kasi ya kuwaka. Unga laini huwaka upesi kuliko punje kubwa, na mtutu haukutengenezwa kwa kasi hiyo.

Baruti isiyo na moshi ina tabia ya kinyume. Yenyewe huoza, hata pakavu, hata ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Tangu siku inapotoka kiwandani huanza kuvunjika polepole na kutoa hewa za asidi, na asidi hizo huharakisha kuvunjika kwake. Watengenezaji huchanganya dawa ya kuzinyonya, ambayo mara nyingi huitwa difenilamini. Dawa hiyo hutumika kidogo kidogo mpaka inakwisha. Ikishakwisha, asidi hubaki bila mlinzi, joto hupanda lenyewe ndani ya rundo, na baruti yaweza kuwaka bila kibiriti wala cheche. Wafaransa, walioibuni, ndio walioonja uchungu wake: manowari yao Iéna ililipuka mwezi Machi 1907, na nyingine, Liberté, mwezi Septemba 1911, zote katika bandari ya Toulon. Mamia ya watu walikufa, na kidole kilinyooshewa baruti iliyooza katika maghala ya meli hizo.

Kinachoharakisha kuoza huko ni joto, nami nikitembelea nyumba zetu naona mkebe umewekwa mahali pabaya kuliko pote, yaani darini chini ya bati, au juu ya meko ili usipate unyevu. Tunaikinga baruti ya kale, na kwa njia hiyohiyo tunaivundisha ile ya kisasa.

Mkiona kopo lina kutu kwa ndani, au vumbi lenye wekundu wa matofali, au mkisikia harufu kali ya asidi inayochoma pua, au kopo lina joto pasipo sababu, fahamuni kwamba baruti hiyo imekwisha kuharibika. Lakini msifungue kopo kwa ajili ya kutafuta dalili hizo. Nazitaja kwa ajili ya yule aliyekwisha kufungua. Tena kutokuwapo kwa dalili si cheti cha usalama, kwa kuwa dawa niliyoitaja huisha bila kuonekana kwa macho.

Sasa nije kwenye jaribio linalopendwa sana vijijini. Mtu huchota chembe, huiweka juu ya jiwe, huiwasha. Ikiwaka, hutangaza kwamba ni nzima. Jaribio hilo linathibitisha tu kwamba inawaka. Halisemi itawaka kwa nguvu gani ndani ya mtutu. Ikiwa nguvu imepungua, risasi hukwama katikati ya mtutu. Mpigaji husikia kishindo hafifu, hudhani amekosa, hufyatua tena, na mtutu hupasuka mbele ya uso wake. Nguvu ikizidi, mtutu hupasuka kwa mara ya kwanza.

Hatari niionayo kubwa kuliko zote ni ya wale wanaovunja risasi za zamani na kuitia baruti yake katika gobore. Kipimo ambacho baruti nyeusi hukiwaka kwa upole, ile ya kisasa huugeuza kuwa bomu. Na magobore mengi tunayoyakamata yana mitutu ya mabomba ya maji. Katika kopo lisilo na maandishi, nani kati yetu awezaye kuapa ni baruti ipi iliyomo? Mimi siwezi, ingawa ndiyo kazi yangu. Kwa sababu hiyo jibu langu ni moja: baruti ya zamani isiyojulikana asili yake haifai kujazia chochote.

Kuhusu sheria sitakuwa na maneno mengi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye silaha na risasi awe na leseni, na kuzitengeneza bila ruhusa ni kosa. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Siwezi kuwaahidi msamaha mwingine, kwa kuwa si mamlaka yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba anayekwenda mwenyewe kutoa taarifa yuko mahali pazuri kuliko anayekutwa nayo.

Mwenye kopo la namna hiyo aliache lilipo. Asilitikise, asilibebe kwenye bodaboda kulipeleka kituoni, asilitupe chooni wala kisimani, asilizike wala kulichoma. Awaondoe watoto, azime moto ulio karibu, kisha ampashe habari mwenyekiti wa kijiji au Mtendaji wa Kata, naye atawaita polisi waje kulichukua. Kuhusu ngedere na nguruwe pori, taarifa iletwe ofisini kwetu mapema, kabla mahindi hayajakomaa, ili askari wa wanyamapori wapangwe. Nakiri askari ni wachache na vijiji ni vingi. Taarifa ya mapema ndiyo inayotuwezesha kuwagawa.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: gobore la baba yake limening'inia ukutani miaka mingi, halina baruti wala goroli karibu, je, nalo lina hatari? Mzee wangu, wazee wetu walikuwa na desturi ya kulitundika likiwa limekwisha kushindiliwa, tayari kwa usiku wa dharura. Kwa kuwa baruti nyeusi haifi, yawezekana shindo lile bado limo. Usichungulie mtutuni, usichokoe kwa chuma, wala usimpe fundi alikate. Liache ukutani mpaka polisi wafike.