Tusi Lililomo katika Sarufi: Namna ya Kutukana kwa Kikorea na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili



Huenda baadhi yenu mmestaajabu kuona mhadhara wa taaluma za Kiswahili ukitengewa mada ya matusi, tena matusi ya Wakorea. Sababu yangu si ya mbali. Tamthilia za Kikorea zimekwisha kuingia majumbani mwetu, nyingine zikisimuliwa kwa Kiswahili na nyingine zikitiwa sauti kabisa. Huko Korea Kusini nako, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1980. Lugha hizi mbili zinakutana, na mahali zinapokwaruzana zaidi ni kwenye tusi. Mhusika anatamka neno moja fupi, mwenzake anapandwa na hasira, mashati yanashikwa, msimuliaji wetu anatuambia tu kwamba amesema "Wewe!", na mtazamaji anabaki akijiuliza ugomvi umetoka wapi.

Baadhi ya maneno nitakayoyataja ni matusi ya nguoni. Nayataja kwa haja ya uchambuzi, na hakuna humu anayetukanwa.

Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba katika Kikorea tusi zito aghalabu halimo katika neno chafu. Limo katika sarufi. Mfasiri anayewinda maneno machafu peke yake atarudi na mfuko mtupu.

Tuanze na kitenzi. Kila sentensi ya Kikorea humalizikia kwenye kitenzi, na kitenzi hicho lazima kibebe kiambishi kinachoonyesha msemaji anajiweka wapi mbele ya msikilizaji wake. Sarufi za jadi huhesabu ngazi 6 za usemi. Usemi usio na heshima huitwa "banmal", yaani nusu ya lugha, nao ni wa marafiki wa rika moja, watoto, na watu wa ndani. Ukitaka kumuuliza bibi yako kama amekula, utasema "jinji japsusyeosseoyo?", rafiki yako utamuuliza "bap meogeosseo?". Angalieni kwamba si kitenzi pekee kilichobadilika, hata chakula chenyewe kimebadili jina, "bap" ikawa "jinji". Na ukimdharau mtu, utatanguliza kiambishi "cheo-" mbele ya kitenzi cha kula: "cheomeokda", kufakamia, kula kama asiyekula tangu jana.

Basi watu wawili wasiojuana wanapogombana barabarani, ugomvi hupita njia inayojulikana na kila Mkorea. Mmoja anateleza na kutumia "banmal". Mwenzake anaacha kabisa habari ya gari lililogongwa na kuuliza "wae banmariya?", kwa nini unanisemesha kwa nusu ya lugha? Linafuata swali la pili, "neo myeot sariya?", wewe una miaka mingapi? Mgeni atadhani watu hawa wamerukwa na akili, kwa kuwa wameacha hasara na kuanza kuulizana umri. Lakini hilo ndilo tusi lenyewe na majibu yake, na bado hakuna neno moja lililotamkwa ambalo lingekatazwa redioni.

Kwetu jambo hili si geni. Kijana anayempita mzee bila kumpa shikamoo hajafungua kinywa, lakini mtaa mzima utasema amemvunjia heshima. Tofauti ni kwamba shikamoo ikishapita, Kiswahili kinatuachia huru: "umekula?" ni ile ile kwa mtoto na kwa bibi. Mkorea hana mapumziko hayo. Heshima yake inadaiwa upya kila afikapo mwisho wa sentensi.

Mfano ulio bora kuliko wote niujuao unatoka mahakamani. Kifungu cha 311 cha Sheria ya Jinai ya Korea Kusini kinamtia hatiani anayemtukana mtu hadharani, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1 au faini isiyozidi won 2,000,000. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikihalalisha kifungu hicho. Mwaka 2015 shauri moja lilifika katika Mahakama ya Juu. Mjumbe wa baraza la wakazi wa jengo la makazi alikuwa akibishana na meneja wa jengo, akamwambia maneno haya kwa maana yake: wewe, ndivyo unavyofanya kazi? Kuzeeka ni jambo la kujivunia? Katika Kikorea mtu "hula" umri wake, kama nasi tusemavyo kwamba fulani amekula chumvi nyingi. Msemaji huyu hakutumia "meokda", kula. Alitumia "cheomeokda". Kwa hiyo meneja hakuambiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Aliambiwa kwamba ameifakamia. Mahakama ilisema maneno hayo ni ya utovu wa adabu na ya kishenzi, ila hayashushi hadhi ya mtu mbele ya jamii kwa kiwango cha kuwa kosa la jinai.

Kwa mwanaisimu hukumu hii ni hazina. Sheria ilitafuta neno lenye maana ya kumshusha mtu, haikuliona. Mlalamikaji alikuwa amesikia kiambishi.

Nije sasa kwenye majina, ambako Kiswahili kina mali nyingi kuliko tunavyodhani. Kikorea kina seti mbili za viungo vya mwili: kichwa cha mtu ni "meori", lakini "daegari" ni kichwa cha mnyama au samaki, kinywa ni "ip", lakini "judungi" ni mdomo wa mnyama. Kutukana ni kuchukua neno la upande wa pili na kumvika binadamu. Sisi hatuna seti mbili, tunazo ngeli. Mtu akawa jitu au kijitu, mzee akawa kizee, mdomo ukawa domo. "Funga domo lako" ni tafsiri ambayo haiachi hata tone la "judungi" limwagike, na nashangaa msimuliaji anayeziacha ngeli hizi na kukimbilia neno "mjinga" kila mara.

Historia ya maneno nayo ina lake la kusema. "Nom", ambalo leo ni tusi kwa mwanamume, katika karne ya 15 lilikuwa na maana ya mtu tu. Limo katika tafsiri ya Kikorea ya dibaji ya Hunminjeongeum, waraka wa Mfalme Sejong wa mwaka 1446 uliotangaza alfabeti ya Kikorea, mahali anapowazungumzia raia wake wasioweza kuandika yaliyo moyoni. Mfalme hakuwa akiwatukana. "Sangnom" alikuwa mtu wa tabaka la chini katika enzi ya Joseon. Matabaka yalifutwa kisheria katika mageuzi ya 1894, lakini tusi likabaki, kama vile mshenzi alivyobaki katika Kiswahili baada ya mpaka wa zamani baina ya mwungwana na mshenzi kufifia. Maneno mengine ni makaburi ya maradhi na adhabu. "Jiral" linatokana na kifafa, "yeombyeong" na homa ya kuambukiza, na "urajil" linakumbusha kamba waliyofungwa wahalifu. Mkorea wa leo anayetamka "urajil" hafikirii kamba yoyote.

La nguoni linalosikika zaidi ni "ssibal", lenye mzizi wa kitendo cha kujamiiana, na sina mengi ya kulisemea zaidi ya sauti yake. Konsonanti ile ya mwanzo hutamkwa kwa kukaza koo. Ukiilegeza unapata "sibal", yaani mwanzo wa safari, na hilo ndilo lilikuwa jina la gari la kwanza kuundwa Korea Kusini, mwaka 1955. Wanafunzi wa Kimvita, waliozoea kutenganisha maneno kwa mpumuo peke yake, wataelewa mara moja hatari iliyopo.

Neno linalompa mfasiri taabu kubwa ni "saekki", yaani mtoto wa mnyama. Bibi akimkumbatia mjukuu wake humwita "nae saekki", kinda langu. Ukitanguliza mbwa, "gaesaekki", umepata tusi la kupigania ngumi. Septemba 2022 Rais Yoon Suk-yeol alinaswa na kipaza sauti mjini New York, muda mfupi baada ya kukutana na Rais Joe Biden, na kituo cha televisheni cha MBC kikarusha maneno yake, yakiwemo "i saekkideul", yaani "hawa saekki". Ofisi yake ilidai alikuwa akilisemea Bunge la Korea, na kwamba lile lililosikika kama jina la Biden lilikuwa neno jingine, "nallimyeon". Mabishano yaliendelea hadi mahakamani. Magazeti ya Kiingereza nayo yaligawanyika: mengine yaliandika tusi la nguoni, mengine yakaridhika na neno lenye maana ya wapumbavu. Kisarufi wote walikuwa na hoja, maana "saekki" linapanda na kushuka kwa kadiri ya sauti na uhusiano. Mimi ningeandika "washenzi hawa". Lina dharau ya kutosha, na halimsingizii msemaji uchafu ambao hakuutamka.

Kuna pia tusi la mapenzi. Wakorea wana mhusika wanayemwita "yokjaengi halmeoni", bibi mtukanaji, mwenye kibanda cha chakula anayewafokea wateja kwa nini hawali wakashiba, nao wanarudi kesho. Katika kampeni za urais za 2007, mgombea Lee Myung-bak alionyeshwa kwenye tangazo lake akila supu huku akikaripiwa na bibi wa namna hiyo, alishinda uchaguzi. Msiharakishe kuuita utani. Utani wetu ni wa pande mbili, na mtani asiyejibu amekosa adabu. Mteja wa bibi yule hajibu. Anainama na kula. Na huko kusini-mashariki, katika lahaja ya Gyeongsang, "yokbwatda", kwa neno kwa neno "umeona tusi", ni shukrani kwa mtu aliyefanya kazi ngumu. Tafsiri yake ni moja tu: pole na kazi.

Matusi ya vijana wa leo nitayapitia haraka, kwa kuwa mengi yatakuwa yamekufa kabla mhadhara huu haujatoka kiwandani. Kubwa ni kiambishi "-chung", mdudu, kinachopachikwa kwenye kundi lolote linalochukiwa: "mamchung" ni mama mdudu, anayedaiwa kuwaachia watoto wasumbue watu mahotelini. Kabla yake, mwaka 2006, lilivuma "doenjangnyeo", mwanamke wa maharage yaliyochachushwa, la kumkejeli msichana anayenunua kahawa ya gharama kubwa. Linalonitia wasiwasi hapa si uchafu. Tusi la zamani lilimlenga mtu aliyesimama mbele yako. Hili linalenga jinsia, umri na hali ya uzazi, na halihitaji kumjua yeyote.

Nirudi kwa mfasiri. "Wae banmariya?" haifasiriki kwa kutaja lugha wala nusu yake, nasema tuandike "mimi rika lako?", na Mswahili yeyote atajua ngumi zinakaribia. "Dangsin", wewe ya heshima baina ya mume na mke ambayo kwa mtu usiyemjua hugeuka kuwa ya shari, tunayo tayari: "wewe bwana!", "wewe mama!", cheo cha heshima kilichotiwa sumu na kiwakilishi kilichotangulia.

Lililobaki ni "ajumma". Ni jina la kumwita mwanamke mtu mzima, na asili yake ni ya ukoo, lakini mwanamke wa miaka 30 akiitwa hivyo huona amezeeshwa na kushushwa. Machi 2023, katika treni karibu na Seoul, abiria mmoja aliwachoma wenzake kwa kisu, akawaambia polisi kwamba aliudhika kuitwa "ajumma". Kwetu "mama" hupandisha. Hata kitoto cha kike huitwa mama kwa kubembelezwa. "Bibi" linazeesha mno, "shangazi" linaleta undugu usiokusudiwa, na "mama mtu mzima" ni maelezo, si mwito. Aliye na neno na alilete sasa, wakati wa maswali.