Tarehe iliyofukiwa ndani ya tangazo

Mchimbaji mdogo mmoja kutoka Nyarugusu, mkoani Geita, alinionyesha simu yake tulipokutana stendi ya mabasi ya Kahama. Kwenye kioo palikuwa na tangazo la ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuhusu ada ya leseni za uchimbaji. Lilikuwa fungu moja la maneno toka juu hadi chini: masharti, kiasi cha ada, namba ya kumbukumbu, vyote vimebanana kama abiria wa Hiace ya Katoro. Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa humo humo, katikati. Mzee wangu yule alisoma mistari michache akachoka. Alipokwenda kulipa, tarehe ilikwisha pita, akalipa na faini juu yake.

Je, kosa ni la nani? Wengi watasema karani ni mvivu. Mimi nasema tusimhukumu haraka. Yawezekana kabisa karani huyo aliliandika tangazo vizuri, akaruka mistari, akaacha nafasi, akayapanga masharti moja chini ya jingine. Lakini ukurasa wa intaneti una tabia yake. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kikikuta nafasi kumi au mistari mitano mitupu, kwa kawaida huihesabu kuwa nafasi moja tu. Anayetaka aya hana budi kuiambia mashine waziwazi: aya inaanza hapa, inakwisha hapa.

Lugha ya kuiambia mashine hivyo inaitwa HTML. Aliyeibuni ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, jijini Geneva, Uswisi. Orodha ya kwanza ya alama zake, ya mwaka 1991, ilikuwa na alama 18 tu. Na tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba ugunduzi huo wa kurasa za mtandao ni wa watu wote, bila malipo. Wewe uliye katika ukanda wa dhahabu unajua maana ya neno mrabaha. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu nchini ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Alama za HTML mrabaha wake ni sifuri.

Nazo si ngumu. Kumbuka hesabu za shule ya msingi, zile alama za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Weka herufi p katikati yake, umefungua aya. Ukimaliza aya, andika hivyo hivyo tena, lakini kabla ya p tanguliza kile kijistari cha kuinama tunachotenganishia siku na mwezi tunapoandika tarehe. Umeifunga. Badala ya p ukiweka b, maneno hukolea wino. Ukiweka i, hulala upande. Herufi h pamoja na tarakimu 1 ni kichwa cha habari kikuu, na tarakimu hizo huendelea hadi 6 kwa vichwa vidogo. Orodha ya namba hufunguliwa kwa ol, na kila sharti ndani yake hupewa li.

Ukisahau kuifunga b, maneno yote yanayofuata hukolea wino. Hapo pana funzo, maana wako wanaofanya hivyo kwa makusudi, wakidhani kila neno lao ni zito. King'ora kinacholia mchana kutwa hakuna anayekishtukia. Koleza tarehe, koleza kiasi cha ada, mengine yaache.

Tena kichwa cha habari si maneno yaliyokolezwa tu. Ndugu zetu wasioona hutumia programu inayowasomea ukurasa kwa sauti, nayo inaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Karani akitumia b mahali pa h, msomaji huyo hana pa kurukia. Ubaya zaidi ni kupiga picha barua yenye mhuri na kuibandika ukurasani. Mhuri utaonekana, lakini ukiikuza barua kwenye simu mistari inatoka nje ya kioo.

Liko na jambo letu hasa. Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012, una Wilaya ya Nyang'hwale. Ile koma ya juu katika jina hilo, programu ya kuandikia barua mara nyingi huipinda bila kukuuliza. Tangazo likihamishiwa kwenye ukurasa ambao haukutaja kwamba unatumia mpangilio wa herufi uitwao UTF-8, koma hiyo inaweza kugeuka alama tatu za ajabu katikati ya jina la watu. Ng'ombe naye hupatwa na yayo hayo. Mstari mmoja tu juu ya ukurasa unatosha kuliponya jina.

Utasema, siku hizi karani hana haja ya kuandika alama kwa mkono. Anabonyeza kitufe na programu inamwandikia. Ni kweli. Lakini kitufe hakijui kipi ni kichwa na kipi ni sharti. Hilo ni la mwandishi.

Ndugu msikilizaji, soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, ili mchimbaji asiuze tena gizani. Nuru hiyo humfikia kwa maneno: bei, ada, tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wa Nyarugusu daftari alikuwa nalo, mkononi mwake, na bado fedha yake ilipotea.

Basi wewe unayeandika matangazo ya watu, kabla hujaliachia, lifungue kwanza kwenye simu ndogo. Mpe mtu asiyejua habari hizo, umuulize tarehe ya mwisho ni lini. Akianza kuitafuta, rudi ukapange upya.