Rangi Inayojenga Umbo: Mhadhara wa Umma juu ya Vinyago Vidogo vya Sufu



Wengi wenu mmeviona vinyago vidogo vya sufu vikiuzwa kama vitu vya kuchezea watoto. Jioni hii nataka kutetea jambo moja kuhusu kazi hii ninayoipenda. Katika kinyago chenye urefu wa kidole, rangi si pambo linaloongezwa mwishoni. Rangi ndiyo inayojenga umbo. Anayetaka kuishika vizuri sindano ya sufu sharti aanzie kwenye sufuria ya rangi.

Tuitazame kwanza sindano yenyewe. Unyuzi wa sufu ya kondoo umefunikwa na magamba madogo yanayoelekea nchani, na ndiyo sababu nyuzi zikisuguana hunasana zikakataa kuachana. Sindano hii haina tundu la uzi. Ina kingo tatu, na kwenye kingo hizo kuna vijino vinavyoelekea chini. Inapozama husukuma nyuzi za juu hadi ndani ya donge; inapochomoka huziacha humohumo. Ukidunga tena na tena mahali pamoja, sufu hubonyea na kukaza, na pale ulipopaacha hubaki pametuna. Hivyo ndivyo tundu la jicho na mwinuko wa shavu vinavyopatikana bila kisu wala gundi. Namba ya sindano ikipanda, wembamba nao huongezeka: 36 ni ya kukusanya kiwiliwili, 40 ni ya uso.

Sindano za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za viwandani. Katika miaka ya 1980, huko Massachusetts nchini Marekani, David na Eleanor Stanwood walizichukua wakazitumia kwa mkono, na Ayala Talpai akaieneza kazi hiyo kwa mafunzo na maandishi. Ni sanaa changa, basi. Ilipokelewa vizuri katika shule za Waldorf, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, na ambazo leo zipo pia Nairobi na Dar es Salaam. Humo watoto walikuwa wamekwisha zoea wanasesere wa sufu iliyotiwa rangi za mimea.

Sasa nifike kwenye kiini. Sanamu kubwa ya mpingo hupata kivuli chake kutokana na mwanga wa chumba. Uso wenye upana wa sentimita 1 hauna kina cha kutosha kushika kivuli, na vinyweleo vya sufu huutawanya mwanga wote. Kivuli inabidi kitiwe kwa rangi, unyuzi kwa unyuzi. Sufu ya rangi ya kiwandani inaweza kuchanganywa pia, sikatai, lakini hutoka imefanana mno, na mtengenezaji hulazimika kununua pakiti nyingi ili apate shavu moja lenye uhai.

Rangi ya mmea hukupa ukoo mzima kutoka sufuria moja. Chukua gome la mkoko. Mimi hutumia maganda ya boriti zilizokwisha katwa kwa kibali, kwani mikoko yetu haipaswi kuchunwa kwa ajili ya vinyago. Sufu hutangulizwa kwenye maji ya shabu, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, ili rangi ishike. Kisha huingizwa katika maji ya gome kwa moto mdogo. Kama mpishi anavyokamua tui la kwanza, la pili na la tatu katika nazi ileile, sufu ya kwanza hutoka na hudhurungi nzito, ya pili hafifu, ya tatu nyepesi kabisa. Ya kwanza huenda chini ya kidevu na pembeni mwa pua, ya tatu kwenye paji la uso. Tone la maji ya kutu hukoleza giza la kope. Usiikoroge sufu ikiwa motoni, wala usiitumbukize ghafla kwenye maji baridi, la sivyo itagandamana kabla sindano haijaigusa.

Kinyago kilicho hapa mezani ni mzee muuza kahawa. Kanzu yake ni sufu isiyotiwa rangi. Dele lake la kahawa limetiwa rangi ya maganda ya vitunguu, maji ya kwanza upande wa kivuli na ya pili upande unaong'aa. Hakuna chuma hapo, ila macho yenu yanaiona shaba. Kizibao chake cha zambarau kimetokana na marere, zile kuvumwani za kijivu zinazoota kwenye matawi ya miti ya pwani.

Marere nitayasemea zaidi. Katika karne ya 19 yalikusanywa katika pwani hii na kusafirishwa Ulaya kupitia Zanzibar, yakatie sufu na hariri zambarau. Hayahitaji shabu. Hulowekwa wiki kadhaa katika maji yenye amonia, zamani mkojo uliochacha, na kukorogwa ili hewa iingie. Karatasi ya litmasi mliyoitumia katika maabara shuleni ni ya jamaa hiyohiyo. Mwaka 1856 William Perkin alipata zambarau ya kikemikali jijini London, na rangi za maabara zikaanza kuyasukuma marere nje ya soko. Hukua milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu wachukue yaliyo kwenye matawi yaliyoanguka tu.

Baada ya rangi, imebaki sufu yenyewe. Kondoo wekundu wa Kimasai wana nywele, hawana sufu ya kufaa. Tunategemea Merino na Corriedale wa nyanda za juu za Kenya, kule Njoro na Nanyuki ambako vikundi vya wanawake husokota sufu na kuitia rangi za mimea. Corriedale, kwa kuwa ni nene zaidi, hukaza upesi chini ya sindano. Merino naiweka kwa ngozi ya juu.

Ili ujuzi huu wa rangi usipotee, ombi langu kwa Chuo chetu ni kabati la kuhifadhia kazi za wanafunzi, kila kinyago na kadi yake: mmea, mahali, mwezi, na maji ya ngapi. Zambarau ya marere hupauka upesi juani, hivyo kabati lisikae karibu na dirisha, na taa yake isizidi lux 50, kipimo ambacho makumbusho hukitumia kwa vitambaa vyepesi kuharibika.